Vibonye vya Rangi

Ubao ulikuwa umelazwa ndani ya sanduku la kioo, pale mapokezi, mahali ambapo kila anayeingia kwenye jumba la muziki lazima apite. Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Juu yake vilichorwa vibonye vya piano, vyeupe na vyeusi, na kingo zake zilikuwa zimepigwa msasa ili uonekane wa kale. Chini yake palibandikwa karatasi: Hapa ndipo alipojifunzia, bila piano, bila mwalimu.

Mpiga piano alisimama mbele ya kioo na karatasi zake za noti kwapani. Aliisoma karatasi ile, akakunja pua kama mtu aliyemeza maziwa ndipo akagundua yamechacha.

"Umeuonaje?" akauliza meneja wake. Mafundi wa jumba walimwita Asali kwa ajili ya ulimi wake, naye alidhani wanamsifu.

"Nini hiki?"

"Ubao wako."

"Mimi sijawahi kuwa na ubao."

"Ungekuwa nao ungefanana na huu." Asali akacheka. "Usininunie leo, dada yangu. Tuzo ya tatu hii! Watu hawalii kwa sababu ya piano, wanalia kwa sababu ya ubao. Utasimama kando yake, utasoma yale niliyokuandikia, kisha upige. Dakika mbili tu."

Uongo huo haukuzaliwa mkubwa. Miaka sita nyuma, baada ya tuzo ya kwanza, mtangazaji wa redio alimuuliza kama ni kweli kwamba nyumbani kwao hapakuwa na piano. Ilikuwa kweli. Piano ilikuwa kwa shangazi yake, nyumba ya pili, hatua arobaini kutoka mlangoni. Lakini mtangazaji alikuwa na haraka, naye akajibu "ndiyo" na kuishia hapo. Gazeti la wiki ile likadondosha silabi moja, "hapakuwa na piano" ikawa "hakuwa na piano." Mwaka uliofuata kijitabu cha onyesho kikasema alijifunza kwa kugonga meza. Mwaka wa tatu mwalimu naye akafutika. Kila mara alisoma, akakunja uso, akajiambia atasahihisha. Hakusahihisha. Mialiko ilikuwa inamiminika, na yeye alikuwa anaipokea.

Huyo mwalimu aliyefutika alikuwa shangazi huyo huyo, karani wa posta. Kwa miaka kumi na moja alirudi kutoka kazini saa kumi, akavua viatu, akavuta kiti kando ya piano na kushika penseli. Penseli haikuwa ya kuandikia. Ilikuwa ya kuvisukuma chini viwiko vya mtoto wa kaka yake. "Shusha hayo mabawa, Kiwiko. Huruki popote." Hakuwahi kumsifu hata siku moja. Mtoto akimaliza bila kosa, alisema, "Tena."

Leo shangazi huyo, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa anakuja kukaa mstari wa pili.

Fundi wa piano alitoka jukwaani na ufunguo wake wa kukazia nyuzi, akainama juu ya kioo. Aliangalia kwa muda, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu.

"Mama, nani kachora kitu hiki?"

"Kwa nini?"

"Kila baina ya vyeupe viwili kaweka cheusi. Mstari mzima, kama meno ya kitana."

Akatazama, na kweli. Kwenye piano vibonye vyeusi hukaa viwili, panabaki nafasi, kisha vitatu, panabaki nafasi. Ndivyo kidole kinavyojua kiko wapi. Hapa hapakuwa na nafasi hata moja.

"Mtu aliyejifunzia hapa," fundi akasema, "hawezi kupiga kitu chochote. Labda apige chafya."

"Kuna mtu mwingine ameliona hilo?"

"Waamuzi wote saba wamepita hapa asubuhi. Wamepiga picha. Mwamuzi mkuu kapangusa macho kwa leso." Akaweka ufunguo mfukoni. "Hakuna aliyehesabu."

Hilo ndilo lililomkirihi kuliko ubao wenyewe. Watu waliomkata alama kwa noti moja iliyochelewa walikuwa wamelia mbele ya kitana.

Shangazi alifika saa tisa, na gauni lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hawakupi chakula huku kwenye tuzo?"

Kisha akaliona sanduku. Akavaa miwani. "Bila piano," akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma anwani kwenye barua. "Bila mwalimu."

"Shangazi, nitakueleza."

"Kwani mimi nimeuliza?" Akavua miwani, akaikunja. "Nionyesheni kiti changu."

Ukumbi ulipojaa, Asali aliusukuma ubao jukwaani juu ya kimeza cha magurudumu. Mpiga piano alishika kipaza sauti. Karatasi ya Asali aliiacha imekunjwa.

"Ubao huu umetengenezwa wiki hii," alisema. "Sijawahi kuugusa. Nilifundishwa na shangazi yangu, kwenye piano, miaka kumi na moja. Amekaa pale."

Kisha mshereheshaji akaruka mbele, uso umechanua. "Jamani, unyenyekevu gani huu! Msanii mkubwa anajificha nyuma ya shangazi!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wengine walisimama. Mpiga piano alihisi ngozi ya mikono ikimsisimka, kama ameingiza vidole kwenye mafuta machafu. Ukweli nao walikuwa wameutia sukari.

"Mwamuzi mkuu," akasema makofi yalipopungua, "tafadhali njoo. Nionyeshe noti ya do iko wapi kwenye ubao huu."

Yule bwana alipanda akitabasamu na kidole tayari. Kidole kikashuka, kikasita, kikaenda kulia, kikarudi. Tabasamu lilimfia usoni. Huko nyuma mtu akacheka puani.

"Haipo," mpiga piano akasema. "Nawe uliupiga picha asubuhi. Mimi nimeukubali uongo huu miaka sita, kwa hiyo uchafu ni wetu sote."

Akaketi, akapiga. Alipomaliza makofi yalikuwa machache, ya watu wanaoangaliana. Tuzo iliachwa mezani, hakuna aliyejua nani ampe.

Shangazi alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakuketi.

"Ningebaki nyumbani leo, ungesema?"

Neno "ndiyo" lilimjia hadi kwenye meno, laini, limeshaiva, sawasawa na yale yote ya Asali. Alilitazama moyoni, akaona kinyaa.

"Nisingesema, shangazi."

Mwanamke mzee akavuta kiti, akaketi, akaanza kufungua viatu vyake vilivyombana.

"Haya," alisema. "Nitafutie maji ya kunywa. Halafu uniambie yote, kuanzia huyo mtu wa redio."