Salamu za Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuwaka bila hata kubisha hodi. Si goti, si kisigino, ni kamstari kembamba kanakoanzia kwenye nyonga, kanateremka nyuma ya paja, kanapita kwenye shavu la mguu mpaka kidole kidogo, kama mtu ananichora kwa msumari wa moto aliouchomoa jikoni. Daktari alinipiga picha mgongo, akanipiga picha nyonga, akasema mifupa yangu ni mizuri. Nikamshukuru kama mtu aliyesifiwa gauni.

"Ni mishipa ya fahamu, bibi," akasema, "ila chanzo sikioni. Tembea, lakini usijilazimishe."

Shule niliishia ya msingi, na siku hiyo nilitoka na neno moja tu: tembea.

Shida ilikuwa binti yangu, ambaye naishi kwake. Alishasema mbele ya mumewe: "Mama, siku nitakayokuona unachechemea njiani, safari za sokoni basi. Utakaa hapa na televisheni." Namjua mwanangu. Akisema basi, ni basi.

Sasa mimi bila sokoni ni nani? Nanunua vitunguu viwili viwili ili na kesho niwe na sababu ya kutoka. Ikabidi nitafute ujanja. Moto ukishika, sichechemei; nasimama, namgeukia aliye karibu, namsalimu. Bahati nzuri salamu zetu ni ndefu. Hujambo, wa nyumbani hawajambo, mgonjwa anaendeleaje, na yule aliyesafiri alifika salama? Tukimfikia aliyesafiri, moto umeshuka, nami naondoka na heshima yangu. Mtaa ukanisifu kwa utu. Mshona viatu peke yake ndiye aliyenitilia shaka, maana asubuhi moja nilimsalimu mara mbili.

Kilichoniponza ni kwamba mguu una mazoea. Ulipenda kuwaka palepale penye kimlima, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, mzee aliyefiwa na mkewe zamani. Basi kila asubuhi nikawa namsimamia mlangoni, nimeshika nguzo yake, nimeuma meno (kwa mbali, naambiwa, ilionekana tabasamu), namuuliza amelalaje, amekula nini, kifua kimepoa? Majibu sikuyasikia, nilikuwa nasikiliza kidole kidogo. Baadaye nikaona anafanya kazi na shati jeupe, lililopigwa pasi. Nikajisemea, huyu biashara imemnyookea.

Jumapili dada yake akapiga hodi, amevaa vizuri, amejifunga mtandio mpya. Binti yangu akamkaribisha kiti na chai. Mgeni akaanzia mbali, akasifu mapazia, akalaumu mvua, ndipo akatua.

"Mwanangu, kaka yangu si kijana, na mama yako si msichana. Lakini mtu akisimamiwa mlangoni kila siku, akaulizwa kama amekula, na yeye ana moyo. Nimetumwa kuuliza, nyumba hii ina neno gani?"

Mkwe wangu akapaliwa na chai. Binti yangu akanigeukia taratibu. "Mama?"

Nikabanwa. Nikikataa tu, mimi ni mtu mzima hovyo niliyechezea moyo wa mzee wa watu. Nikisema kweli, televisheni inaningoja. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifikiria kuolewa. Kibanda chake, angalau, kiko nusu ya njia ya sokoni.

"Ni mguu," nikasema.

"Mguu gani?" akauliza mgeni.

"Huu. Ukifika pale kwa kaka yako unawaka, nasimama upoe. Ni mtu mwema sana, lakini hata ile nguzo ningeisalimu."

"Na chakula? Si ulikuwa unamuuliza amekula nini?"

"Nilikuwa narefusha salamu."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, kisha akajishika kichwa. "Sasa nitamwambia nini? Ameshapaka chumba rangi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nitakuja kumwomba radhi mwenyewe."

"Njoo. Ila safari hii ukae."

Mgeni alipoondoka, binti yangu alikusanya vikombe bila kunitazama.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Na mimi nasikia kwa mshenga!"

"Ungenifungia ndani."

Akasugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Ningekufungia," akasema. Kisha akasema, "Kesho twende wote. Nataka niuone huo moto."

Kesho yake tukatoka, yeye na viatu vyake vya kazini, mimi na kikapu. Tukauanza mlima. Ule msumari ukashuka kutoka nyongani, na macho yangu yakaanza yenyewe kutafuta wa kumsalimu. Nikayazuia.

"Hapa," nikasema, nikasimama katikati ya njia.

Akanishika kiwiko. Watu wakatupita kushoto na kulia, wengine wakigeuka kutuangalia.

"Umepungua?"

"Bado."

Akaitupia jicho saa yake, halafu akavuta mkono wa shati ukaifunika.

"Basi tusimame."