Mgeni wa Chumba cha Kushonea

Wako waganga wa kufukuza. Wanapiga kelele, wanafukiza hadi majirani wanakohoa, wanaiamuru huzuni itoke ndani ya mtu kama wanaofukuza kuku jikoni. Mimi kazi hiyo siiwezi, na nikisema ukweli, naidharau. Kuku ukimtoa mlangoni atarudi kwa dirisha. Mimi nakalisha. Mtu akiniletea hasira, hofu au majuto, naweka kigoda kitupu mbele yake na kikombe cha maji kando, kisha tunamwita huyo mgeni wa ndani kwa jina lake, aje aketi na aseme anataka nini. Jina likiwa lake, kigoda hulia kama mti uliopokea uzito. Jina likikosewa, hakuna kitu. Unabaki unakitazama kigoda, nacho kinakutazama.

Kaka yangu ana mabinti wawili. Mkubwa tunamwita Fundi, tangu alipokuwa anawashonea wanasesere wake nguo. Siku hizi ana chumba chake cha kushonea, na kioo kirefu cha wateja. Mdogo wake tunamwita Kicheko, na ukikaa naye dakika moja utajua kwa nini. Mama yao alitangulia mapema, kwa hiyo mkubwa ndiye aliyemvalisha mdogo, akamlisha na kumchapa ilipobidi.

Kicheko alipopata mchumba, alinunua satini nyeupe, nyingi kuliko ilivyohitajika, maana kwenye furaha yule hajui kipimo. Akaipeleka kwa dada yake. Fundi akampima, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Vidole vikafa ganzi. Nguo za wateja wengine anakata bila shida. Ile satini tu ndiyo ilimshinda, leo, kesho, hadi harusi ikawa mlangoni.

Kicheko akanipigia simu bila kucheka.

"Shangazi, kesho mchana naenda kuchukua kitambaa changu. Nimepata fundi mwingine. Na dada akitaka, harusini asije."

Nilijua kitambaa kile kikitoka chumbani mle, undugu nao utatoka nacho. Kesho yake asubuhi nikabeba kigoda changu.

Nilimkuta Fundi ameketi mbele ya meza ya kukatia, satini imetandazwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni mwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

"Basi tufanye kazi. Huyu mgeni wako namjua. Ni Hofu. Unaogopa kuliharibu gauni la mdogo wako."

"Ndiyo," akajibu haraka. "Ni hofu tu."

Tukamwita Hofu, karibu uketi. Kimya. Tukamwita tena. Feni ilizunguka, kigoda hakikusema neno. Nikajaribu Huzuni, nikimfikiria mama yao. Kimya vilevile. Mganga akishindwa hulaumu vyombo, basi nami nikakipindua kigoda na kuanza kugonga miguu yake kama seremala.

Nilipoinua kichwa, nikamwona kwenye kioo. Alikuwa ameokota ukingo wa satini na kuupitisha kifuani pake, anajitazama. Macho yetu yalipokutana, akauachia kama umemuunguza.

Nikajiona mjinga. Nilimwambia jina badala ya kumuuliza.

"Mwanangu," nikasema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwite mwenyewe."

Akaanza kulia. Na hapo hapo, kwa bahati mbaya niliyoilaani moyoni, Kicheko akaingia kabla hata ya mchana, na begi tupu mkononi.

"Nimefuata kitambaa changu."

"Subiri nje kidogo," nikamwambia.

"Mwache, shangazi," akasema Fundi. "Asikie." Akakigeukia kigoda. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Wivu. Karibu uketi."

Kigoda kikalia. Hakuna aliyekigusa, na kililia kwa nguvu. Begi likamponyoka Kicheko.

"Unanionea wivu? Mimi?"

"Wewe. Kila bibi harusi wa mtaa huu amesimama mbele ya kioo hiki, na wote nimewapigia magoti nikiwapindia mapindo. Sikuumia. Wewe mdogo wangu ulipoingia, nami bado sijaolewa, nikaumia. Nakupenda na nakuonea wivu, vyote viwili, na nimeona aibu hata ya kupumua."

Nikamwambia Fundi, "Muulize anataka nini."

Akakiinamia kigoda, akasikiliza. Uso wake ukaonyesha mshangao.

"Anasema hajawahi kupimwa."

Mimi, na uganga wangu wote, sikuelewa. Kicheko alielewa. Alimwendea dada yake, akaivuta ile futi shingoni mwake.

"Simama, dada. Nyoosha mikono."

Akampima mabega, akampima kifua, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipofika kiunoni akatangaza: "Inchi themanini!"

"Hizo sentimita, wewe!" Fundi akapiga kelele. "Mimi ni tangi la maji?"

Wakacheka hadi wakashikana. Kinyozi hajinyoi, nikawaza. Miaka yote hiyo futi ilikaa shingoni mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika.

"Satini inatosha gauni langu na blauzi ya kwako?" akauliza Kicheko.

"Nikipanga vizuri, inatosha."

"Basi kata. Yako kwanza."

Fundi akakitazama kigoda kwa wasiwasi. "Bado yupo?"

"Yupo," nikasema. "Sikudanganyi kwamba ataondoka leo. Lakini ukimweka mtu, mpe kazi. Hakuna mwenye jicho kali kama Wivu. Mwache akague mishono."

Akafuta machozi kwa mkono wa nguo. Kicheko alikuwa ameshachukua kile kikombe cha maji na kukisogeza karibu na kigoda, kwa adabu, kama anayemkaribisha mkwe. Kisha akashika ncha ya pili ya satini ili isiteleze, alivyofundishwa na dada yake zamani.

Fundi akachora upya kwa chaki, vipimo vyake mwenyewe. Akashika mkasi, akakata.