Sinia la Watu Wanne

Nimechoka, wallahi. Si kwa kumenya vitunguu vya harusi ya Fairuz. Hiyo ni kazi, na mikono imezoea. Nimechoka kuambiwa "Sidi ni mwenetu" na huku chakula changu kiko uani. Msikitini naswali safu moja na mabibi wa Mji wa Kale, bega kwa bega. Likija sinia, ghafla mimi ni Mgiriama na wao babu zao wametoka Arabuni.

Na wageni wote hao niliwaalika mimi. Mwaliko wa wanawake hutembezwa mlango kwa mlango, na Bi Sheikha, mamake Fairuz, alinifanya mimi mwalishi wake. Nikazunguka Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, na jua lile: "Hodi! Bi Sheikha awaalika." Mlango ambao haukubishwa ni wangu.

Basi tukapatana wapishi watatu, mimi, Wanza na Dama: leo hatuli uani. Hatugombi, hatumtukani mtu. Tutanawa, tutaketi jamvini kama wageni wengine. Wakati ulipofika wenzangu wakaingiwa na woga. "Dada, kazi tuliyo nayo ndiyo hii," Wanza akanambia, akarudi kwenye masufuria. Nikaenda peke yangu.

Sinia ni la watu wanne, na mtu haanzi mpaka wenziwe wamekaa. Wakaingia mabibi, buibui zanukia udi, wakaniona, wakapita. Mmoja aliinama aketi, akanitambua. "Aa, naitwa kule," akasema. Hakuitwa na mtu! Masinia yote yakapata watu, langu mimi na biriani tu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Na njaa nayo, maana tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Bi Sheikha akaja, akaniinamia kwa upole wake. Upole huo ndio unaoniua.

"Sidi, mwanangu, mbona waniaibisha mbele za watu? Chakula chenu kiko nyuma, tena kingi."

"Ahsante, Bi Sheikha. Leo mimi ni mgeni."

"Nani alokualika?"

"Mimi mwenyewe. Si ndimi mwalishi wako?"

Akainuka wima. "Ukikaa hapa, kwangu usirudi tena."

"Haya," nikasema, na sikuinuka.

Akaita jikoni waje waliondoe sinia. Wakaja Wanza na Dama. Wanza akalishika, akanitazama usoni. Kisha akaliachia, akakunja miguu, akaketi. Dama naye akanawa, akaketi. Ikabaki nafasi moja. Tukangoja wa kuijaza. Nikatazama ukumbi mzima, hakuna aliyeinua uso. Nikasema bismillahi, tukatia mikono. Wali ulikuwa umepoa, na mimi nalia huku natafuna.

"Wanza! Dama!" Bi Sheikha akaita kutoka upande wa pili. "Wageni hawana maji!"

Wanza hata hakugeuka.

"Tunakula, mama," akasema.