Mtaa wa Mume Wangu

Mimi Romana, mtoto wa kijiji cha Likawage, sikulelewa kumtaja mume kwa jina. Siku naolewa shangazi alinifinya sikio akanionya: mumeo utamwita baba fulani, kwa jina la mtoto wenu wa kwanza. Haya, mtoto mwenyewe hakuja. Basi miaka yote nilimwita "wewe," na nikiongea na watu nilisema "mwenzangu." Hakulalamika hata siku moja.

Majirani ndio waliomtaja mpaka wakachoka. Tulikuwa wa kwanza kufyeka pori lile nje kidogo ya Kilwa Masoko, naye alikuwa fundi baiskeli. Mtu akipasukiwa na tairi njiani aliambiwa asukume mpaka kwake. Kibanda kikaitwa kwa jina lake, ikafuata njia, kisha mtaa mzima. Nikisikia abiria anaomba kushushwa kwa mume wangu, moyo ulikuwa unatulia. Nilijiambia, mtoto sina, lakini huyu mtu hatapotea.

Alipofariki wakaanza kulila jina lake kidogo kidogo. Wamatumbi walisema Kwausebyo. Hawa watoto wa siku hizi, wenye haraka utadhani wanakimbizwa, wakafupisha wakasema Kwasebi, mwishowe Sebi tu. Nilimuuliza binti mmoja Sebi maana yake nini, akanijibu labda ni Kiarabu. Kiarabu! Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia.

Zikaja enzi za ruksa. Mitumba ikafika, redio kaseti zikafika, na kijana Gregori akaleta jenereta akafungua banda la video. Haukupita muda, watu wakawa wanasema wanakaa Videoni.

Ndipo mwenyekiti wetu Benjamin akaitisha mkutano. Kibao cha barabarani kilikuwa kinatengenezwa, je, kiandikwe nini? Hawa wakataka Sebi, wale Videoni, ubishi ukapamba moto. Benjamin ana adabu zake, akanigeukia.

"Bibi Romana, wewe ndiye mwenyeji kuliko sote. Hapa paliitwaje mwanzo?"

 Nilitaka kusema "kwa mwenzangu," nikaona watanicheka. Lakini nisiposema mimi, nani atasema? Waliomjua wote wako makaburini. Nikasimama, nimeshika pindo la kanga.

"Paliitwa Kwa Eusebio," nikasema. "Eusebio ni mume wangu."

Nikainamisha kichwa, nikangoja. Wanawake wa zamani wangeziba midomo, mmoja angenivuta kanga nikae, na jioni ningesemwa kila ua. Nilikuwa tayari kusemwa. Nilitaka kusemwa, Mungu wangu.

Hakuna aliyeshtuka. Binti wa kando yangu alikuwa ananyonyesha, hata uso hakuinua. Gregori akamwambia jirani yake kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Benjamin alinishukuru, akasema hiyo ni historia nzuri sana, ila kibao ni kidogo na jina ni refu. Wanaotaka Videoni wanyooshe mikono. Wakanyoosha.

Nikaketi. Nilikuwa nimemtaja mume wangu mbele za watu, na katika umati wote ule hapakuwa na hata mmoja wa kuniambia nimekosa adabu.