Laini Yenye Jina Langu

Sina subira na watu wanaosimama mbele ya mwavuli wangu bila kusema wanachotaka. Jua la saa saba na nusu hapa mtaani Mbotela si la kutazamana. Kwa hiyo yule jamaa alipofika akivuta sanduku la magurudumu, akasimama kimya akilikodolea macho bango langu la laini za simu, nilimuuliza kwa sauti kama ananunua au anapiga picha.

"Nataka laini, mathe," akasema.

"Mathe ni nani? Umeniona na mvi?"

Hakucheka. Ndipo nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu, shati la bei kali limeloa jasho, na mkononi alikuwa na simu ndogo ya tochi ambayo kioo chake bado kilikuwa na karatasi ya dukani. Mtu mwenye sanduku kama lile hatembei na simu ya tochi kwa kupenda.

Alikuwa ameibiwa. Jina lake Hared, na alizaliwa hapa hapa Mbotela, nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji wa maji. Miaka kumi na mmoja iliyopita alienda Sweden na hakuwahi kurudi. Sasa mama yake alikuwa amefariki jana alfajiri, na jamaa walikubali kumngoja siku moja tu. Alitua asubuhi, akapanda teksi, na kwenye foleni ya Jogoo Road mkono ukaingia dirishani na kuondoka na simu yake. Ndani yake mlikuwa na namba zote, pamoja na ujumbe wa dada yake uliotaja msikiti na makaburi.

"Si uende nyumbani?" nikamuuliza.

"Nimetoka huko. Kuna watu wengine wanaanika nguo. Walihama, na nyumba mpya siijui." Akainua lebo ya karatasi iliyofungwa kwenye mpini wa sanduku. "Namba niliyobaki nayo ni hii. Ya Anab, mdogo wangu. Niliiandika hapa sanduku lisipotee."

"Mazishi ni saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alasiri. Misikiti ya Eastleigh na huku ni mingi. Makaburi nayo si ya mahali pamoja, na mimi ni mtu mmoja. Nikikisia vibaya nimekosa kila kitu. Mimi ndiye kifungua mimba. Mama aliniambia kila tukiongea, 'Hared, wewe ndiye utakayenishusha kaburini.' Hicho tu ndicho kilichonileta."

Swala ya alasiri kwetu ni karibu saa kumi. Nilihesabu: saa mbili na kitu. Nikamwonea huruma sana, na huruma ikinishika mimi hufanya mambo haraka haraka.

"Kitambulisho?"

"Cha Kenya sina tena. Nina pasipoti ya kule."

Hapo ndipo nilipokosea, na nitalisema wazi, maana watu wangu hapa Mbotela wananijua kwa mdomo, si kwa kuficha. Kumsajilia laini mgeni mwenye pasipoti ni kazi. Unapiga picha kurasa za pasipoti, unampiga picha ya uso, unazituma, kisha unakaa kungoja wakubwa wa mtandao waamke. Siku nzuri ni nusu saa, siku mbaya ni saa nzima. Kwa hiyo chini ya meza yangu kulikuwa na bahasha ya kaki yenye laini tatu nilizosajili kwa kitambulisho changu mwenyewe, tayari kabisa, za watu wenye haraka. Si mimi peke yangu. Uliza miavuli yote hadi mzunguko wa Donholm.

"Chukua hii," nikamwambia. "Unaweka, unapiga, basi."

"Imesajiliwa kwa jina la nani?"

"Jina langu. Triza Nafula."

Alisita. "Afadhali iwe kwa jina langu, mathe. Nitangoja."

"Buda, jina halipigi simu. Unataka kuzika au unataka kujaza fomu?"

Najuta ile sentensi. Niliisema nikicheka.

Akaweka laini na kupiga. Anab alishika upesi. Hared alianza Kisomali, na ingawa sikijui, sauti ya mtu anayemwambia dada yake kwamba amefika haihitaji kufasiriwa. Kisha akaitoa sikioni. Akaitazama simu.

"Amesema ningoje. Amekata."

"Atakuwa na wageni wa matanga," nikasema.

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Sisi huku tukipigiwa na namba ngeni tuna desturi moja. Unaenda kwenye menyu ya pesa, unajifanya unaitumia ile namba shilingi kumi, na kabla hujathibitisha simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Ukishaliona unafuta. Kila mtu hufanya hivyo, matapeli wametufundisha. Hared alikuwa ameondoka kabla ya desturi hiyo kuenea. Mimi niliijua, na ninaifanya mara kumi kwa siku.

Simu ikalia. Zile simu za tochi zina sauti kubwa, hata Mulama aliyeegesha bodaboda yake kando ya mwavuli wangu alisikia kila neno. Safari hii Anab alikuwa ameacha Kisomali. Alitaka mwenye jina asikie.

"Triza Nafula ni nani?"

"Anab, ni mimi, hii laini nimepewa na..."

"Hared siku hizi anaitwa Triza? Jana usiku mlinipigia mkasema kakangu ameshikwa uwanja wa ndege, nitume pesa. Yule naye aliongea Kisomali, tena kizuri kuliko chako. Mnanibeba ujinga? Mama yangu hajazikwa!"

"Niulize kitu chochote! Niulize..."

Ikakatika. Alipopiga tena simu haikuita. Anab alikuwa ameizuia namba ile.

"Tumia yangu," nikasema, nikampa simu yangu ya mkononi kabla ya kufikiri. Akapiga mara mbili. Mara ya kwanza iliita ikakatwa. Mara ya pili haikuita. Bila shaka. Na hiyo nayo ilikuwa na jina Triza Nafula. Sasa Anab alikuwa na ushahidi wa genge zima, na kiongozi wake ni mimi.

Mulama akatoa yake. "Buda, jaribu na hii." Iliita hadi ikachoka, mara tatu. Anab alikuwa ameacha kushika namba asizozijua. Hared akaandika ujumbe: alitaja kovu la Anab gotini, akataja paka waliyemficha darini. Hakuna jibu. Nyumba ya msiba imejaa watu, nani anakaa kusoma ujumbe wa tapeli?

Ilikuwa imefika saa nane na dakika ishirini.

Hared alikaa juu ya sanduku lake, akafunika uso kwa mikono. Hakunilaumu. Angenitukana ningejua la kumjibu, maana matusi nayajua.

"Lete pasipoti," nikamwambia.

"Itachukua muda gani?"

"Lete tu. Akiangalia jina, lazima alikute lako."

Nikapiga picha kurasa. Nikampiga picha ya uso, nikatuma. Tukangoja. Dakika kumi, kumi na tano. Mulama aligeuza pikipiki ikatazama barabara, akakaa juu yake na kofia kichwani. Wateja wawili walikuja nikawafukuza. Dakika ya ishirini na tano ujumbe ukaingia: picha imekataliwa.

"Kwa nini?" Hared akasimama.

Nikaiangalia ile picha. Alikuwa wa kijani. Mwavuli wangu ni wa kijani, na jua lililopenya kwenye kitambaa lilikuwa limempaka rangi uso mzima. Nimekaa chini ya mwavuli ule miaka sita, wenyeji nawasajili kwa kitambulisho bila picha ya uso, na siku hiyo ndipo nilipojua. Nilitamani kulia. Badala yake nilimvuta mkono nikamsimamisha juani, mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha viatu.

"Usifumbe macho."

"Yanatoka machozi."

"Yafute. Tena. Sasa tulia."

Nikatuma. Saa tisa kasoro tano. Mtandao ukaanza kuzunguka ile duara yake. Niliizima simu ya kazi, nikaiwasha, nikaiinua juu kama mtu anayeombea mvua. Saa tisa na robo duara bado inazunguka. Hared alikuwa ametoka juani akarudi juani, hajui aweke wapi mwili wake. Aliniuliza saa kila baada ya dakika mbili, nami nilimjibu kila mara bila ukali, jambo ambalo Mulama alilishangaa waziwazi.

Saa kumi kasorobo msikiti wa upande wa pili wa barabara ukaadhini. Hared aliinamisha kichwa, midomo ikicheza. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilifumba macho nikamwomba yeyote aliyekuwa zamu.

Ujumbe ukaingia saa kumi kasoro dakika nane. Imekubaliwa. Nikamfungulia menyu ya pesa, akaweka namba ya siri, nikajaribu mwenyewe kutoka kwa simu yangu, shilingi kumi. Jina likatokea: HARED, na la baba yake. Nikalifuta. "Piga."

Iliita hadi mwisho. Haikushikwa.

Akataka kupiga tena, nikamshika mkono. "Ngoja. Sasa hivi anaangalia."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi ningeangalia."

Tukangoja tukiitazama ile simu ndogo juu ya meza. Kisha ikalia, na Hared alipoipokea Anab hakusema zaidi ya jina lake, "Hared? Hared?" mara tano au sita, akilia kwa nguvu. Kisha akasema Kiswahili na Kisomali kwa pamoja: wanaswali sasa hivi, wakimaliza tu wanambeba, makaburi ni yale ya Kariokor, kimbia. Yeye yuko nyumbani na wanawake. Atampigia abti, kaka ya mama yao, wamngoje.

"Acha sanduku," nikamwambia. Hared alikuwa ameshapanda. Mulama aliondoka akipita hadi ukingoni mwa barabara, na vumbi likabaki usoni mwangu.

Nilikaa na lile sanduku miguuni hadi nilipofunga kazi, nikalibeba hadi nyumbani kwangu, na asubuhi nikarudi nalo. Mulama alikuwa amerudi saa kumi na mbili, kabla sijafunga. Alisema alipita kila mahali ambapo pikipiki haifai kupita, lakini Jogoo Road ilikuwa imekwama na Pumwani vile vile. Alimshusha langoni, Hared akakimbia ndani. Zaidi ya hapo hakujua.

Kesho yake asubuhi Hared alikuja kuchukua sanduku. Viatu vyake vizuri vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka. Nilimuuliza bila kuzunguka, maana usiku kucha sikulala.

"Ulimshusha?"

Akatikisa kichwa. "Nilikuta mbao zimeshawekwa juu yake. Anab alimpigia abti mara nyingi. Abti alikuwa amezima simu kwa ajili ya swala, akasahau kuiwasha."

"Kwa muda gani? Ulichelewa kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Labda chini." Akatazama mikono yake. "Nilitupia udongo mara tatu. Wakaniachia koleo."

Dakika kumi. Ningeipokea ile pasipoti saa saba na nusu, hata na picha ya kijani, hata na ile duara, angekuwa pale saa tisa na nusu akimngoja mama yake. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia bahasha ya kaki ilikuwa ya uvivu wangu, na nikaiita huruma. Nililia barabarani mbele ya wateja, mimi ambaye huwafokea wanaolia.

"Mathe, ulinisaidia," akasema. Kisha akatoa ile laini ya kwanza mfukoni, akaiweka juu ya meza. "Hii ni yako. Ina jina lako."

Nilizivunja zote tatu. Sasa mgeni akija namketisha, nampiga picha nje ya mwavuli, na akikosa subira nampa kiti na maji na kumwambia atangoja.

Wiki iliyofuata nilimpigia Anab nimpe pole na kumwomba radhi. Simu haikuita, ilitoa mlio mmoja mfupi ikakatika. Nilijaribu tena Ijumaa, ikawa vile vile. Najua Hared alimweleza. Labda amesahau kunifungulia, labda hataki. Ningeweza kuazima simu ya Mulama, lakini sijaazima. Kwenye simu ya Anab, Triza Nafula ni mtu aliyemzuia kakake kumshusha mama yao kaburini, na mimi nikikaa hapa chini ya mwavuli nikalifikiria, sioni alipokosea.