Nyumba ya Kumvusha Mama

Nikiona nyumba nzuri uso wangu husema kabla yangu, na hilo ni kosa kubwa mbele ya komisioneri, kama tunavyowaita huku madalali wa nyumba. Anastase, komisioneri wangu, alikuwa amenitembeza mji mzima wa Kamembe tangu asubuhi, akinionyesha vyumba ambavyo hata mbuzi angelalamika, nami nimeshaanza kumjibu kwa mkato. Ndipo akafungua mlango wa apatimenti moja ghorofa ya tatu. Mwanga ukatupokea, nikasema "Ee Mungu" kabla sijajizuia. Anastase akatabasamu kwa upande mmoja, akajua nimenasa.

Vigae vyeupe sakafuni. Jiko lenye sinki. Vyumba viwili vya kulala, na kimoja dirisha lake linatazama ziwa, hivyo ukiamka unaiona Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo. Nilifungua bomba, maji yakatoka. Nikalifunga, nikalifungua tena kwa raha tu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga: kitanda cha mama hapa, picha ya Bikira Maria pale, kiti chake karibu na dirisha.

Mimi ni Mutoni, nauza vitenge sokoni, sina mume, na tangu nirudi Rwanda nimekaa chumba kimoja nyuma ya duka la watu. Nyumba niliitaka kwa sababu moja, na soko zima linaijua kwa jinsi ninavyoirudia: nimlete mama.

Mama Bernadette alinilea Bukavu, na sisi wengine tuliporudi huku yeye akabaki. Kila nikimwomba avuke tuishi wote ana sababu. Mara kuku wake wanaatamia. Mara kwaya ya parokia itakosa sauti bila yeye, na sauti yenyewe tunaijua. Mara mpakani kuna maneno. Hajawahi kusema hapana, wala ndiyo hasemi, na hilo linanikera kuliko kukataliwa. Safari hii alisema aione nyumba kwanza. Nikajiapiza kwamba akisimama kwenye dirisha lile hatakuwa na pa kutorokea.

Nilimwomba Anastase anishikie nyumba hadi Jumamosi. Akanung'unika kwamba kuna daktari anaitaka. Makomisioneri wote wana daktari anayeitaka. Nikamwambia angoje.

Jumamosi nilisimama kwenye daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, moyo unanidunda kama msichana anayesubiri mchumba. Mama akatokea upande wa pili amejipamba, na nyuma yake mchukuzi amebeba kinu. Kinu kizima cha mti, na mchi wake. Afisa wa forodha akauliza kama ni bidhaa. Mama akamweleza kwa utaratibu kwamba anakwenda kuona nyumba, na mtu hawezi kuijua nyumba kabla hajatwanga sombe ndani yake. Afisa akacheka, akampitisha. Mimi sikucheka, maana sikuwa nimemwambia kwamba nyumba yenyewe iko juu.

Huku sokoni hayo majani ya muhogo ya sombe unayakuta yamekwisha kusagwa kwa mashine, unayabeba kwenye mfuko, unapika, watu wanashiba. Mama anasema hayo yananuka mashine. Kwake nyumba isiyo na pa kutwangia ni hoteli, na hotelini mtu haishi.

Kinu tulikipandisha mimi na Anastase, yeye akilaani kimya kimya kwa ajili ya shati lake. Mama alifuata nyuma, akipumzika kila ngazi zinapopinda.

Ndani nikampeleka moja kwa moja dirishani. Akatazama kidogo, akasema ziwa ni lile lile. Kisha akauliza kinu kikae wapi. Nikatandika gunia jikoni juu ya vile vigae vyeupe, akatoa majani mfukoni, na pilipili, na vitunguu vya majani, akaanza kutwanga. Vioo vya madirisha vikaitikia. Harufu ya sombe mbichi ikajaa nyumba nzima, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa.

Mlango ukagongwa. Ni mpangaji wa chini, Uwase, muuguzi aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, macho mekundu, kitenge amejifunga juu juu. Alisalimia kwa adabu, jambo lililonichoma zaidi, akauliza kama jengo linabomolewa. Alipomwona mama alishusha sauti. Mama akaweka mchi chini, akamwomba msamaha na kumwambia arudi akalale.

Kisha akanigeukia, na usoni nikaiona sababu mpya ikija. Nikapasuka.

"Maman, unatafuta tu raison ya kurudia. Kuku, kwaya, sasa kinu. Kama hautaki kuishi na mimi, sema. Ntasikia mubaya, lakini sema."

Anastase akaanza kuichunguza dari kwa makini. Mama akajifuta mikono polepole.

"Kila siku unaniambia nikuye huku," akasema. "Haujaniuliza hata siku moja nikikuya nitafanya nini. Nikae ku dirisha niangalie Bukavu sawa mugonjwa?"

Kichwani kile kiti nilikuwa nimemwekea hasa pale, akae atazame, nami nirudi jioni nimkute pale pale. Niliona aibu hadi masikioni.

"Mi ningali na nguvu," akaendelea. "Hii maeskaliye, hizi ngazi zote, siwezi panda na kinu kila siku. Nitafutie nyumba ya chini, iko na parcelle, kiwanja yake. Nitwange sombe, niuzishe ku soko, bantu banijue. Na chumba yangu isiguse yako, juu ya vile we unakoromaka."

Ilinichukua muda kuelewa. "Ndiyo" hakuisema. Alikuwa amesema "chumba yangu". Nikakaa sakafuni, nikacheka huku machozi yananitoka, nikamwambia Anastase kwamba apatimenti naiacha, na akitaka anune, anune leo, kesho tuna kazi. Sijawahi kukosa kitu kizuri namna ile nikafurahi namna ile.

Mama hakungoja nimalize kulia. Alikuwa mlangoni akimhoji Anastase kama anajua nyumba yenye ua, majirani wanaoamka mapema, na parokia ya karibu. Anastase akasema ipo moja, ila ni mwendo kidogo. Mama akamkabidhi mchi aubebe, akaniita, akasema twende upesi, kwa sababu giza likiingia hataiona vizuri nyumba yake.