Robo Mzunguko Kila Jumatatu

Fundi mkuu wa mitambo ya hospitali alikuwa na jambo moja la kumnyima usingizi: maji ya moto yasishuke chini ya nyuzi sabini. Maji hayo yalipita kwenye vibomba vyembamba ndani ya hita, na mvuke uliovizunguka ndio ulioyapasha moto. Sasa maji ya pale yana chokaa, na chokaa haina adabu. Iliganda ndani ya vibomba kama ukoko chini ya sufuria, joto likawa halipenyi.

Dawa yake ni kuzima hita siku nzima, kuifungua na kuosha vibomba kwa asidi. Lakini kila alipopanga siku, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alimjia juu kwamba watoto wachanga hawataogeshwa maji baridi. Fundi ana moyo laini, na moyo laini kwenye mitambo ni balaa. Kila Jumatatu akawa anaongeza mvuke, akizungusha gurudumu la vali robo mzunguko. Maji yakirudi sabini, anaandika sabini daftarini, anakwenda zake kunywa chai. Daftari halikuuliza habari za vali. Miezi minane likajaa sabini, sabini, ungedhani hita imetoka kiwandani jana.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mcheshi aliyejiita daktari wa mabomba. Mara mbili aliomba hita ioshwe. Fundi alimwambia wasubiri wiki ijayo.

Alhamisi moja asubuhi kifuniko cha hita kilishindwa na mvuke, kikafumuka shemeji akiwa mbele yake. Aliishi siku mbili, asiweze kusema neno.

Katika siku hizo mbili wakaguzi walikuta vali imefunguliwa mpaka mwisho. Wakaandika kwamba msaidizi aliifungua bila kuagizwa. Fundi aliisoma ripoti na kutia sahihi. Aliogopa, hakuna sababu nyingine ya kumtafutia.

Baada ya mazishi alimkuta mkewe chumbani akikunja nguo za kaka yake. Sebuleni mama mkwe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe alikuwa na haraka tangu utotoni, na kwamba angesikia la wakubwa angekuwa hai. Kila neno lilimkata fundi maini. Akafunga mlango.

"Vali niliifungua mimi," alisema. "Kidogo kidogo, miezi minane. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia tuoshe."

Mkewe aliacha kukunja. Akamuuliza kama alijua kuwa ni hatari.

"Nilijua."

Alitamani atukanwe, apigwe hata na kiatu, apate pa kuanzia. Mkewe hakumtukana. Alikaa kitandani na shati la marehemu mapajani, machozi yakimtoka, na fundi hakujua aiweke wapi mikono yake. Ng'ambo ya mlango mama mkwe alikuwa akimwomba radhi muuguzi mkuu, aliyekuja kutoa pole, kwa uzembe wa mwanawe.

Mkewe aliinuka, akaufungua mlango na kumpisha.

"Nenda kamwambie mama," alisema, "kabla hajamwomba radhi mtu mwingine."